Vitambaa Kumi na Saba

Kila gari liliposimama mbele ya kibaraza chake, mguu wa fundi Dauda Bushira ulisimama nao juu ya cherehani. Hakuinua kichwa wala hakutazama. Mkono ulibaki juu ya nguo, sindano imezama nusu, na yeye akangoja kusikia mlango ukifunguliwa, kisha viatu. Viatu vikielekea kwa muuza sukari jirani yake, mguu ulianza tena kukanyaga. Watu wa mtaa wa Majengo walikwisha kuizoea tabia hiyo, na wengine waliifanyia mzaha, wakisema cherehani ya Dauda inafungwa breki na magari ya watu. Mwalimu Vestine alimjua kwa miezi isiyozidi saba, na katika miezi hiyo yote hakumwona akiisahau hata siku moja.

Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, mwaka wa tisini na nane ilikuwa na magari mengi yanayosimama ghafla. Vita vilikuwa vimejaa kwenye vilima vya kaskazini. Watu walishuka kutoka Bugeshi na magodoro vichwani, askari walipanda, na hakuna aliyeuliza maswali mawili mfululizo. Jua lilipoanza kushuka, milango ilifungwa. Ndani ya milango hiyo kila nyumba iliwasha kibatari chake, kwa maana umeme ulikuwa wa mahoteli na wa siku za bahati.

Dauda alikuwa na miaka sitini na moja. Baba yake alikuja kutoka upande wa Ujiji na biashara ya chumvi, akaoa hapo, hakurudi tena. Mkewe Dauda alikuwa amefariki, na ndugu pekee aliyebaki ni dada yake aliyeolewa Goma, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga, mwenye kukubali haraka. Ukimwambia leo ni Jumanne naye ajua ni Jumatano, alisema, "Iko vile," akaendelea kushona.

Jambo moja tu la ajabu alikuwa nalo: daftari lake la vipimo halikuwa na majina. Zamani aliandika kama fundi yeyote, jina na mtaa, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwaka wa tisini na nne, katika miezi ile ya mauaji, walikuja watu kuuliza daftari hilo. Walijua kwamba fundi anaandika watu na mahali wanapokaa. Dauda aliwaambia limepotea. Alikuwa amekwisha kulitia ndani ya pasi ya makaa, ukurasa baada ya ukurasa, na kwa moto huo alimnyooshea shati mmoja wa waliokuja kuliuliza. Tangu siku hiyo hakuandika jina la mtu. Alikata kipande cha kitambaa cha mteja, upana wa vidole viwili, akakishona juu ya ukurasa, na chini yake akaandika vipimo. Kitenge cha samaki wa njano, kifua arobaini. Tetroni ya kijivu, kiuno thelathini na nne. Yeye mwenyewe hakukosea hata mmoja. Mwingine yeyote angeona daftari la matambara.

Vestine alikuja kwake kwa sababu ya chumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka thelathini na minne, aliyezaliwa na kusomea Tanzania, akarudi na wazazi wake mwaka wa tisini na tano katika nchi aliyoijua kwa hadithi. Alipokwenda Kigali kwa likizo alikutana na watu walioanzisha Umoja wa Walaji. Waliandika barua kwa makampuni na kwa wizara, juu ya mizani iliyochezewa na dawa zilizopita muda wake, na hawakupokea zawadi ya mfanyabiashara hata soda. Jambo hilo lilimwingia. Alirudi Gisenyi na muhuri, wino na daftari jipya la wanachama, akajitolea kufungua tawi.

Sokoni walimcheka.

"Walaji?" alisema Kamikazi, mama mmoja aliyeuza viazi vya Bugeshi, mikono yake ameifunika kwa khanga ingawa jua lilikuwa kali. "Yewe, mwalimu! Sisi tuko walaji wa nini? Ya kula yenyewe iko wapi?"

"Kila anayenunua kitu ni mlaji, mama. Nikuandike jina?"

Kicheko kilikatika. Kamikazi alilitazama daftari lile jipya lenye mistari ya majina, mtaa na saini, kama mtu anayetazama nyoka akitoka kwenye gunia lake mwenyewe.

"We ulikuwa Tanzania," alisema polepole. "We hujui karatasi."

Vestine alirudi nyumbani na maneno hayo yamemkaa kifuani. Wiki tatu nzima daftari lilibaki jeupe. Mtu pekee aliyekubali kumsaidia alikuwa fundi Dauda, aliyempa chumba cha mbele, meza na benchi, siku za soko, bila kutaka kitu. "Mi sina maneno ya kusema mbele ya watu," alimwambia. "Lakini niko na chumba." Vestine aliketi humo akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akimsikiliza fundi akishona na kunyamaza, akishona na kunyamaza.

Siku moja Dauda aliacha kushona ingawa hakuna gari lililosimama. Alivua futi shingoni, akaikunja kidoleni.

"Mwalimu, nikuulize. Ule umoja yako, inasikiliza mambo ya taa?"

"Taa gani, mzee?"

"Tangu mwezi wa kumi na mbili nimepima watu wanne wenye mikono yao haigusike. Mi naweka futi, mutu anaruka. Wengine wanasema ni uji ilimwangika. Wengine wanasema ni mafuta ya kukaanga. Mi ni fundi, mwalimu. Najua uji haiunguzi mutu kutoka chini kwenda juu." Alisita, akatazama mlangoni. "Wote wanne wananunua petroli kwa Hitimana."

Petroli ndilo jina la mafuta ya taa huko. Ya magari huitwa esanse. Na Hitimana alikuwa na bohari kubwa karibu na njia ya Rugerero, lenye mapipa na pampu ya mkono, na malori manne. Malori hayo ndiyo yaliyoshusha viazi kutoka Bugeshi barabara ilipokuwa salama. Hapo Vestine alielewa ile khanga ya Kamikazi. Mama yule alikuwa mmoja wa wale wanne, na viazi vyake vilipanda magari ya mtu aliyemuunguza.

Walimwita Anastase, makanika aliyewahi kuendesha lori la mafuta miaka kumi na miwili. Alikuja mchana, nyuma ya nyumba ya fundi, na visahani viwili vya bati. Kimoja alikitia mafuta ya dada yake Dauda kutoka Goma, cha pili akakitia ya Hitimana. Kwenye kisahani cha kwanza alitupa njiti inayowaka, ikazama ikafa kama ndani ya maji. Kwenye cha pili moto ulitoka kabla njiti haijagusa. Ulipanda wima hadi usawa wa nyusi zake.

"Mana yanjye!" Anastase aliruka nyuma, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mnaona? Hii hapana petroli. Hii ni esanse imevaa koti ya petroli." Kisha akakusanya visahani vyake haraka. "Bon. Mi sikukuja hapa. Nilileta suruali."

Magendo ndiyo yaliyoleta mambo hayo. Esanse ya kuvushwa ilipatikana rahisi mwaka ule, na mafuta ya taa yalikuwa adimu, kwa hiyo mapipa yalichanganywa, na vibatari vikawa mabomu kwenye meza za watu.

Habari ilipita kimyakimya kwamba kwa fundi kuna mahali pa kusema. Walikuja wakijifanya wamekuja kupimwa. Walisimama wamenyoosha mikono, Dauda akizungusha futi hewani bila kuwagusa, na Vestine akiandika mezani: siku gani, chupa ilijazwa wapi, moto ulianzia wapi, nani aliungua. Mzee mmoja wa Rugerero alikuja na kipande cha kitenge mfukoni. Alisema kilikuwa cha mkewe, kilichobaki. 

Hakuna aliyekubali kuandikwa jina. Dauda ndiye aliyepata njia. Alikata kitambaa cha kila mmoja, akakishona juu ya karatasi ya maneno yake, kama alivyofanya katika daftari lake. "Hivi," alimwambia Vestine, "kila karatasi iko na mwenyewe, na hakuna mutu mwenye anaweza kuisoma ila mimi." Mwishoni mwa mwezi wa nne walikuwa na karatasi kumi na saba.

Vestine aliandika barua kwa mashine ya shule. Aliiandika vizuri, na ndilo lililomponza. Chuoni walimfundisha kwamba habari isiyo na chanzo ni uvumi. Alijua afisa atakayesoma juu ya watu wasio na majina ataitupa kapuni. Kwa hiyo, chini kabisa, kabla ya muhuri, aliongeza sentensi moja: kwamba majina ya wote kumi na saba yanajulikana kwa Bwana Dauda Bushira, fundi wa Majengo, ambaye anaweza kuyathibitisha. Hakumwuliza Dauda. Hata haikumjia kwamba kuna jambo la kuuliza. Nakala moja alipeleka kwa afisa wa serikali aliyesimamia biashara, moja akatuma Kigali, na moja, kwa kuwa kanuni za Umoja zilitaka mlalamikiwa apewe haki ya kujibu, akapeleka kwa Hitimana.

Siku ya sita pikapu nyeupe ilisimama mbele ya kibaraza, na mguu wa Dauda ukasimama. Mlango ulifunguliwa. Viatu vikaja, visiende kwa muuza sukari.

Aliyeingia aliitwa Juvénal, mtu mkubwa, mchangamfu, aliyejulikana mji mzima kwamba humfanyia Hitimana kazi zisizo na jina. Alitabasamu kwa Dauda, akatabasamu kwa Vestine mezani.

"Fundi! Mi nataka costume. Ya heshima, ya harusi. Nipime."

Dauda alisimama. Alivua futi shingoni.

"Mabega," alisema Dauda, kwa sauti ya chini.

"Pima muzuri, papa. Mbona mukono inacheza? Mi siumi." Juvénal alicheka, akainua mikono kama mtu anayepekuliwa. "Nasikia we unajua mwili ya kila mutu hapa Gisenyi. Nani iko munene, nani iko na kovu. Ni kweli?"

"Ni kazi tu, bwana."

"Na ile daftari yako ya vitambaa, iko wapi? Nataka na mimi nikae ndani. Ama ni ya wagonjwa peke yao?"

Dauda alizungusha futi kifuani mwa mtu yule, akasoma namba, akaisahau, akazungusha tena.

"Kitambaa utaleta lini?" aliuliza.

"Nitaleta. Donc, nitarudi." Mlangoni Juvénal aligeuka kwa Vestine. "Mwalimu, barua yako nzuri sana. Uliandika kila kitu mpaka anwani ya nyumba."

Pikapu ilipoondoka, Dauda aliketi sakafuni, si kitini, sakafuni, mgongo ukutani. "Anwani ya nini?" aliuliza.

Vestine alitoa nakala kwenye mkoba. Angeweza kumsomea sehemu nyingine, lakini alimsomea ile. Alisoma hadi mwisho, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikitamka "anaweza kuyathibitisha" ndipo alipojua alichofanya. Kwa miaka minne mtu huyu alikuwa amelinda watu kwa kutoandika. Yeye alikuwa ameandika kwamba majina yako ndani ya kichwa chake.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

Dauda hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Iko vile," alisema. Aliokota kipande cha uzi sakafuni. "Zamani niliunguza daftari. Sasa nitaunguza nini?"

Siku iliyofuata barua ya wito ikafika, ikiwa na mihuri miwili. Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa afisa, aje na daftari lake, na Hitimana naye atakuwapo. Habari ilikimbia kuliko moto. Walianza kurudi mmoja mmoja, wasijifanye tena wamekuja kupimwa. Kamikazi ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Ondoa kitambaa changu."

"Mama Kamikazi, tukiondoa—" alianza Vestine.

"We nyamaza! Niko na watoto watano. Hitimana amenikatalia lori jana. Jana tu! Alijuaje?" Machozi yalimtoka bila kulia. "Fundi, we ulisema hakuna mutu mwenye anaweza kusoma ila we. Kumbe we ndiwe ukurasa."

Dauda alichukua wembe, akafumua nyuzi nne, akampa kipande chake cha kitenge. Alifumua cha pili, cha tatu. Wengine walitaka karatasi nzima, akawapa. Kila aliyeondoka alimtazama Vestine kwa namna ambayo hakuisahau maisha yake yote: si kwa chuki, bali kama unavyomtazama mtoto aliyecheza na kiberiti. Kufikia Jumatano alasiri zilibaki karatasi sita zenye vitambaa. Mojawapo ilikuwa ya yule mzee wa Rugerero, ambaye hakuja.

Vestine hakuwa akilala. Njiani kwenda shule aliona pikapu nyeupe mara mbili, na mara ya pili dereva alimpungia mkono kwa adabu. Jumatano hiyo alimwambia Dauda kwamba ameamua: ataandika barua nyingine, aseme walikosea, afute malalamiko. Mambo yangeishia hapo.

Fundi alikuwa akishonea vifungo kwenye sare ya mwanafunzi. Aliuma uzi.

"Na mapipa?"

Anastase alikuwa amewaambia. Ijumaa lingekuja lori la mapipa mapya, na mji mzima ungenunua, kwa sababu wiki mbili bohari lilikuwa likiuza mabaki tu, chupa chache kwa siku, na nyumba nyingi zilikuwa gizani.

"Mzee, mimi siogopi kwa ajili yangu tu. Kesho watakuuliza majina."

"Mi naogopa, mwalimu," alisema Dauda, kama anavyosema mtu kwamba ana kiu. "Tangu zamani naogopa. Lakini sijawahi kuogopa mpaka nikataja mutu."

Alhamisi walikwenda pamoja kwa miguu kupitia barabara ya ziwani. Dauda alivaa kanzu yake ya Idi, daftari kwapani, na mkononi kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Mara mbili alisimama, akachuchumaa kando ya njia. Mara ya pili Vestine alitumaini kwamba hatainuka tena, warudi nyumbani, na aliona haya kwa tumaini hilo.

Afisa alikuwa kijana aliyerudi kutoka Uganda, mwenye macho ya mtu ambaye naye halali. Hitimana alikuwa amekwisha kuketi, koti zuri, mikono juu ya tumbo. Juvénal alisimama dirishani. Vestine aliziweka mezani zile karatasi sita.

"Hii barua," alisema afisa, "inasema watu kumi na saba. Nimeletewa karatasi sita zenye matambara. Mimi siwezi kuita tambara shahidi. Majina yako wapi?"

"Daftari ni hii," alisema Dauda, akaliweka mezani.

Afisa alifungua, akageuza kurasa. Samaki wa njano. Tetroni ya kijivu. Maua ya bluu. "Hiki cha nani?"

"Cha mutu mwenye alishona nguo."

"Jina lake?"

Dauda alifungua mdomo. Vestine aliona jasho likishuka kwenye shingo yake hadi ndani ya kanzu. Hitimana aliinama mbele kidogo. Kilikuwa kitambo kirefu, na ndani yake Vestine aliwaza kwamba atasema, na kwamba akisema hakuna duniani mwenye haki ya kumlaumu, yeye kwanza.

"Mi nimeandika jina moja," alisema Dauda. Alitoa karatasi kifuani, akaikunjua. Ilikuwa kwa mwandiko wake wa polepole: Dauda, mwana wa Bushira, fundi wa Majengo, nyumba ya kibaraza cha kijani. "Hiyo ndiyo ya kuandika. Zingine mi sina."

"Huyu hakuungua!" Hitimana alicheka, akageukia afisa. "Mwangalie, hana hata alama. Umoja ya walaji! Iko mutu mumoja na hajala kitu."

"Mi ni mununuzi," alisema Dauda. Aliinamia kikapu, akatoa chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi, na kisahani cha bati, na kiberiti. "Leo asubuhi nimenunua hii kwa bohari ya bwana. Muchuuzi wake aliijaza, ameniandikia karatasi. Hapa, na mihuri yake. Naomba serikali iwashe."

Afisa alitazama chupa. Akatazama dirisha. "Nje," alisema.

Walitoka kwenye ngazi za saruji. Dauda alimimina, nusu ikamwagika ngazini. Kisha akainuka, akamnyooshea Hitimana kiberiti kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu.

"Ni petroli yako, bwana. Washa wewe."

Hitimana hakukipokea. Alikitazama kiberiti, akatazama kisahani kilichokuwa miguuni pake, na kabla hajajua anafanya nini, alirudi nyuma. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu ikamfikisha kwenye majani, na huko Juvénal alikuwa amekwisha kutangulia.

Afisa alichukua kiberiti kutoka mkono wa Dauda, akakitia mfukoni mwake bila kuwasha.

"Rudini nyumbani," alisema.

Lori la Ijumaa halikupakuliwa. Jumamosi watu waliona kufuli la serikali na utepe wa karatasi kwenye mlango wa bohari. Redio haikutangaza kitu. Mwezi uliofuata mafuta yalianza kuletwa na mtu mwingine, na Anastase, ambaye kwa maneno yake hakuwahi kufika popote, aliyapima kwenye kisahani akasema haya ni petroli halisi, mtoto wa petroli. Malori ya Hitimana yaliendelea kushusha viazi, na vya Kamikazi vilipakiwa tena. Hakuna aliyekuja kwa fundi kumshukuru, na Dauda hakuwangoja. Hofu ilikuwa haijaisha. Ilikuwa imejifunza tu adabu.

Kwa maana pikapu iliendelea kuja. Haikufanya lolote. Ilisimama mkabala, injini ikizimwa, saa nzima, na Juvénal akila karanga ndani yake. Kitambaa cha suti hakukileta, ila kila alipopita aliuliza kama vipimo vyake bado viko. Wateja walipungua. Mwezi wa saba Dauda alimwambia Vestine kwamba anakwenda kukaa kwa dada yake Goma, mpaka mambo yapoe.

Vestine alimsindikiza asubuhi hadi mpaka mdogo, ule wa waendao kwa miguu. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimefungwa blanketi, kimelazwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya watu wa Goma. Wanawake wenye makarai ya samaki na mafungu ya vitunguu waliwasukuma pande zote. Vestine alikuwa na barua mpya mkobani. Wakulima wa Bugeshi walikuwa wameuziwa dawa ya viazi iliyopita muda wake, mashamba yameoza, na watu tisa walikuwa wamesema naye, wote tisa wakiwa wamekataa kutajwa. Hakutaka kumwambia. Lakini alimwambia, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Dauda alisikiliza akitazama askari wa kizuizi. Zamu yake ilifika. Alishika chukudu, akavuka kamba, akaonyesha karatasi yake kwa mikono miwili. Upande wa pili alisimama. Vestine alidhani amesahau kitu.

Mwezi uliofuata vita vikaanza ng'ambo. Vestine alituma salamu mara tatu kwa wanawake wa samaki. Mara ya tatu walimwambia nyumba ya dada yake imefungwa na majirani hawajui. Hakupata neno lingine la Dauda isipokuwa lile alilomrushia juu ya vichwa vya watu asubuhi ile, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kumsikia nayo, mbele ya askari na kila mtu:

"Barua ya viazi, andika jina yangu! Dauda Bushira, fundi wa Majengo. Wakikuuliza iko wapi, waambie amevuka!"